Chupa ya Gaz Yenye Ilirudi Kapata

Mwene-Ditu, Kasai, ku lupango ya tata mukubwa

Kwako Yaya Kapinga, dada yangu mukubwa,

Jambo kwako, jambo kwa batoto, jambo kwa mwenye nyumba, hata kama unaandika kwamba sasa halali tena mule. Miguu yako inavimba bado? Mutoto wa mu tumbo anacheza? Kifua ya mudogo imepona, ao mpaka leo anakohoa usiku? Sisi huku tuko bazima. Mama anakula, anagombana. Ukisikia Mama anagombana, ujue afya iko.

Barua yako ililetwa na ule bwana wa kazi ya treni, mwenye mukewe alikuwa anatununulia mikate. Nilimusomea Mama mwanzo mpaka mwisho. Akasema, "Rudilia." Nikarudilia. Akasema, "Ulimi hauna mufupa," na akanyamaza siku nzima. Wewe unamujua Mama. Kunyamaza kwake ni ugonjwa, hata tata mukubwa, kaka ya baba yetu, alikuja kuuliza kama tumuite munganga.

Umeandika kwamba bwana yako Kasongo alitutupa, mi na Mama, ku njia ya Mutshatsha. Kwamba alirudi huko Kolwezi, Kapata, na chupa ya gaz ya Mama, ile nyekundu ya kukwaruzika, na ulipomuuliza alikujibu neno moja tu: "Uliza kwenu." Kwamba koti yake ya kazi haionekani na unaamini aliiuza akakunywa. Njo ukamufungia mulango, analala kwa ndugu yake, na wewe unatafuta nafasi mu treni ya kuja huku na batoto na ile tumbo yako yote.

Yaya, mbele ya kufunga hata mufuko moja, soma mpaka mwisho. Nilikutumia barua mbele ya hii, tulipofika tu, lakini ninaona ilipotea ku njia. Unasema "uliza kwenu" ni jeuri. Si jeuri. Kwenu ni sisi, na sasa tunakujibu.

Unakumbuka ile asubuhi ya kuondoka, Kasongo alipofunga chupa nyuma ya motoka, ile gari yake ya mizigo. Ulicheka, ulisema bwana yako amekuwa mupishi. Essence, ile petroli, haikukuwa mu Kolwezi muzima, isipokuwa kwa basoda ba jeshi. Kasongo alikuwa na ile kichwa ya chuma yenye ilikuwa inalisha gaz ku bimashini bya kuinua mizigo mu magasini ya kampuni. Bimashini bilikuwa bimekufa pamoja na kazi, na chef wake wa kazi alimupa ile kichwa pahali pa mushahara. Akaifunga ku moteri ya motoka, na gaz tulikuwa nayo sisi. Ile chupa Tata, baba yetu, Mungu amulaze, alipewa na bazungu ba mess, jiko ya kampuni, siku ya kuondoka kwabo, na Mama aliichunga sawa yai. Batu bote ba Kapata banapika na makala, ile mikaa, yeye anakaanga mikate na moto ya bluu bila moshi. Alisikia fahari, tusidanganyane. Kila Jumamosi alikuwa anapakaza povu ya sabuni ku mupira aone kama gaz inatoroka, na ole wako upite pale na kibiriti.

Sasa hii maneno ya Mutshatsha. Umeandika: "Nani anakwenda Kasai kwa kupitia Mutshatsha?" Ni ulizo ya akili, hata mi niliiuliza. Lakini ku gare ya treni ya Kolwezi uliona mwenyewe. Batu ba kwetu ba Kasai, benye kufukuzwa mu Katanga, banalala chini na masufuria na magodoro, treni ikifika banapanda kwa dirisha, banakanyagana. Mama na ile miguu yake ya kuuma angekufia pale. Kasongo akasema treni inatokea upande wa Dilolo, inapita Mutshatsha mbele ya kufika Kolwezi. Twende tuingojee kule, vago za treni zingali na nafasi. Ni yeye alifikiri ile. Wewe ulibakia juu mama muzalishaji alikukataza njia ya kutikisika, na uliishika sana mukono ya Mama mpaka alikuambia umwachie vidole.

Mama hakutaka kupanda mu cabine ya mbele. Si kwa woga. Ni bukwe, ile haya ya mukwe! Tangu akuoe, Kasongo hajakaa kiti moja na Mama, hajamuona anakula, na Mama hajaita jina yake hata mara moja. Ni "ule mutu", ao "baba ya batoto ba Kapinga". Sisi bazaliwa ba Kapata tulizoea kucheka ile, tukisema ni mambo ya kijiji. Basi Mama alitosha kikwembe, kitambaa yake ya kujifunga, akakifunga katikati ya cabine toka juu mpaka chini na vibano bya nguo. Yeye upande wa dirisha, kikwembe, mi katikati, alafu Kasongo ku volant, anaendesha. Tukaondoka vile.

"Ngalula, mwambie ule mutu apunguze mbio."

"Shemeji, Mama anasema upunguze."

"Mwambie Mama hii njo mbio ya mwisho, haina ingine."

Ilikuwa kweli. Ile motoka na gaz ilikuwa inakwenda sawa mutu mwenye kushiba sana. Lakini ilikwenda, na haikuomba essence kwa mutu yeyote, na mi nilifurahi.

Tulipomaliza nyumba zote na kuingia mu pori, moteri ikaanza kukohoa. Kasongo akasimama, tukashuka kuangalia nyuma. Yaya, chupa ilikuwa imekuwa nyeupe! Barafu, ile kabisa ya mu frigo, imeishika toka chini mpaka katikati. Niliigusa, kidole kikanata. Ni mwezi wa baridi, unajua asubuhi ya kule, lakini si baridi ya vile. Kasongo alinielezea: gaz mule ndani ni maji. Ikitoka inakuwa hewa, na ikitoka kwa nguvu inakunywa joto ya chupa, chupa inaganda, gaz inakataa kutoka. Ku jiko ya Mama ilikuwa inatoka kidogo kidogo, haikuonekana. Moteri inavuta sana.

"Dawa ni nini?"

"Maji ya moto. Mutu akae nyuma, aifunike na bulangeti, amwage kidogo kidogo."

Tulikuwa na bidon ya maji ya moto ya kumunawisha Mama miguu. Kasongo aliniangalia. Mi niliangalia kikwembe.

"Na mu cabine, nani atakaa katikati?"

"Mungu," akasema, na akapanda, akaangalia mbele sawa mutu wa kupigwa picha.

Basi niko nyuma na chupa yangu, namwaga maji, vumbi inaniingia mpaka mu meno, na kile kioo kidogo cha nyuma unajua kilivunjika, nasikia yote. Alafu Mama:

"Wee motoka. Mbele kuna shimo."

Nilifikiri amechanganyikiwa. Kasongo naye, na heshima yote:

"Motoka imeona. Asante."

Yaya, banaongea na motoka! Mama hasemi na Kasongo, Kasongo hasemi na Mama, bote banasema na ile motoka ya masikini yenye inapigana na baridi yake.

"Motoka, ule mwenye kukuendesha, alikula?"

"Motoka, mwenye kukuendesha alikunywa chai tu."

"Motoka, kuna mikate mu kitambaa hapa. Kuna mutu atageuka ku dirisha aangalie miti."

Na Mama akageuka ku dirisha kabisa, na Kasongo akapitisha mukono chini ya kikwembe, akakula. Nilicheka mpaka nikajimwagia maji ku miguu. Njo hapo nilianza kumupenda shemeji yangu, nakuambia wazi. Zamani nilikuwa namuona mutu wa kununa tu.

Ku bariere, pale njia imefungwa, bijana walikuwa wengi, na bifimbo, moja na panga. Banasimamisha motoka zote, banatia mupira mu tanki, banafyonza essence, na kama mu motoka kuna mutu wa kwetu Kasai, banamushusha. Mi nilijifunga kitambaa cha kichwa mpaka macho, nikainamia chupa. Moja akatia mupira, akafyonza, akatema hewa.

"Tanki ni kavu. Hii motoka inatembea na nini? Na uchawi?"

"Na moto ya kupikia," Kasongo akasema. "Angalia nyuma."

Wakaangalia. Chupa inatoa mvuke, mi namwaga maji, harufu ya gaz kidogo, ile harufu ya kitunguu saumu ya kuoza. Moja akarudi nyuma, akauliza kama itapasuka. Kasongo akasema haipasuki, lakini asivute sigara. Sigara ilikuwa mu kinywa. Akaitupa mbali sana. Mi nilizidi kuinamia chupa.

Alafu ule wa panga akaenda mbele, akaona kikwembe.

"Na huku nyuma ya kitambaa, nani?"

"Mukwe yangu. Mama ya muke wangu, eko mugonjwa."

"Fungua tumuone."

Mama, kama angefungua kinywa neno moja, tungekwisha. Anasema Kiswahili sawa anasema Tshiluba ya Kasai, mutoto mudogo anamujua eko wa wapi. Na wewe unamujua, Mama hajawahi kuacha neno lipite bila kulijibu. Siku ile alinyamaza.

Kasongo hakupandisha sauti. Alisema:

"Kijana, mi tangu nioe sijamuangalia uso. Unataka mi niinue hiki kitambaa mbele yako, ao uinue wewe, umuone mukwe ya mwenzako na miguu yake wazi?"

Ule wa panga akasimama na mukono hewani. Mwenzake, ule aliyetupa sigara, akamuvuta shati.

"Wacha, wacha. Mi pia niko na mukwe. Pita, tata, pita."

Tukapita. Hawakuuliza kabila ya mukwe. Labda kesho yake bangeuliza, sijui. Mbele kidogo nilisikia Mama anasema pole pole, "Motoka, Mungu akubariki," na niliona mabega ya Kasongo yanatetemeka. Alikuwa analia, Yaya. Bwana yako alikuwa analia na anaendesha.

Maji ikaisha. Tuliomba moto kwa batu ba kuchoma makala pembeni ya njia, tukachemusha mbali na motoka, Kasongo hakuruhusu karibu. Ona basi: Mama mwenye kuchukia makala maisha yake yote, alifika Mutshatsha juu ya makala. Nilimuambia ile. Akasema nifunge kinywa, nimwage maji.

Ku Mutshatsha tulingoja mpaka tukazoea. Treni ikafika, vago za mizigo, sakafu yake inanifika kifua. Nafasi ilikuwapo, Kasongo hakukosea. Lakini nani atamupandisha Mama? Wanaume wawili walituahidi kumubeba, treni ilipofika kila moja akakimbilia batoto bake, na siwalaumu. Mi peke yangu nilimuinua mara ingine na ingine, miguu yake inateleza, yeye ananitukana. Filimbi ikapiga.

Kasongo alikuwa amesimama mbali, amegeuka, sawa inavyofaa. Nikamuita. Hakusogea. Nikamuita tena, "Shemeji, inaondoka!" Akavua koti, akakuja kinyumenyume, nakuapia, kinyumenyume, akaniambia nimufunike Mama kichwa na mwili na ile koti. Nikamufunika. Alafu akageuka, akafunga macho, na akamubeba. Mikononi, sawa unabeba mutoto mwenye kulala. Macho yamefungwa kabisa, mi namusukuma ku mabega nimuonyeshe mahali vago iko: mbele, kidogo kushoto, inua. Akamuweka juu. Mama yetu, mwenye kugombana na mapadri, hakusema kitu.

Nikapanda na mizigo. Batu ba mu vago banaangalia, wazee ba kwetu bamo, banajua walichoona. Moja akatikisa kichwa, akasema kwa Tshiluba kwamba hapo inahitaji mbuzi ya kuosha ile haya. Mbuzi gani, mu pori, na treni inaondoka? Njo Mama akasema toka chini ya koti:

"Ngalula, chupa iko wapi?"

"Iko chini, bado ku motoka. Nitaifungua, Kasongo atanipandishia."

"Iache. Ni yake."

"Mama! Tutapika na nini? Tutauza nini huko?"

"Nilipika na makala mbele ya wewe kuzaliwa. Siwezi kuacha haya kati ya ule mutu na mi, na reli yote hii katikati. Yeye amenipa koti, mi ninamupa chupa. Mbele ya batu bote hawa. Imekwisha. Na gaz yenye imebaki imurudishe kwa mutoto wangu."

Wazee wakasema ndiyo, wakapiga makofi kidogo, ile ya heshima. Alafu Mama akaita, na sauti ya kusikika mpaka kule:

"Motoka! Ukifika Kapata usiseme kitu. Hii haya ni ya kwetu kuitangaza, si ya mwanaume. Tutamutumia Kapinga neno. Akiuliza, umwambie aulize kwetu."

Kasongo akajibu, macho ku ardhi:

"Motoka imesikia."

Njo vile, Yaya. Anakutii wewe kwa kututii sisi, na wewe umemufungia mulango. Uliza bazee ba upande wa Kasongo kama ninadanganya: mwanaume akibeba mukwe, si yeye anasema, ni upande wa muke. Mi na wewe tulisoma katekisimu na kupika mikate, hakuna mutu alitufundisha ile. Mama alifikiri unajua. Alijipiga magoti na mikono, akasema, "Nilizaa batoto ba kampuni, hawajui mila."

Koti haikuuzwa. Mama ameivaa sasa ninapoandika, imemumeza mpaka vidole. Kifungo cha pili kimeshonwa na uzi mwekundu, ni wewe ulikishona, ulikosa mweusi. Haivui hata jua likiwaka.

Treni yetu ilipita Kolwezi mchana. Hatukuweza kushuka, mulango ulizuiwa na batu. Niliona paa za mbali, nikamwambia Mama, upande ule ni Kapata. Akasema anajua.

Huku tuko mu chumba moja nyuma ya nyumba ya tata mukubwa. Ni batu bazuri, lakini batu banatuita "ba Katanga". Kule tulikuwa ba Kasai, huku tuko ba Katanga. Nikisema Tshiluba batoto banacheka. Ninakaanga mikate karibu na gare, na mbabula, jiko ya makala, macho yananiuma moshi, na mikate ya kwanza ilikuwa inaungua upande moja juu nilizoea moto ya kugeuza na vidole. Sasa inatoka vizuri. Mama anakaa karibu ananikosoa.

Sikuambii ubakie kwa sababu kule ni salama. Wewe njo unaona njia na majirani, mi sioni. Kama mambo inakuwa mabaya, kuja. Lakini kuja sawa muke mwenye kusindikizwa na bwana yake, usije sawa mutu aliyeibiwa, juu hakuna kitu uliibiwa. Na batoto bako basikue wakijua kwamba baba yao alitupa nkambo wao, bibi yao, ku njia. Ile ni mubaya kuliko pori na bariere yote.

Nisalimie ndugu ya Kasongo mwenye kumupa mahali pa kulala, umwambie Mama anamushukuru. Nisalimie mama muzalishaji wako. Nisalimie mama jirani wa nyumba ya pili, hata kama ni yeye alileta ile maneno ya kwamba hatukuonekana ku gare ya Kolwezi. Tusingeonekana, tulikuwa ndani ya vago. Tata mukubwa na muke wake banakusalimia, banangoja habari ya kuzaa. Busu batoto, mudogo umufunike kifua.

Ni mi muloko wako, ndugu yako mudogo,
Ngalula

Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi, Mama akanizuia nisifunge bahasha. Anasema yeye hajasema yake. Ninaandika sawa anasema:

"Kapinga. Kwanza chupa. Ikijaa tena siku moja, umwambie apakaze povu ya sabuni ku mupira kila Jumamosi, asiwe muvivu. Pili, chinja kuku. Ule mwekundu, hatagi tena. Mupike vizuri, ufungue mulango, umutume mutoto amuite baba yake. Umuwekee sahani mbele, na useme ni mi ninasema."

Nikamuuliza, "Niandike 'ule mutu'?"

Akazungusha kile kifungo cha uzi mwekundu.

"Andika jina yake," akasema. "Andika: Kasongo, mutoto wangu, kula."